Dakika 120 za kadi: namna ya kuunganisha mabasi na treni Seattle kwa nauli moja

Mwezi wangu wa kwanza Tukwila, kusini mwa Seattle, nililipa nauli kwa mazoea ya Dar es Salaam: kila gari na nauli yake. Ukitoka Mbagala kwenda Mwenge ukaunganishia Kariakoo, konda wa gari la pili hana habari na pesa uliyompa wa kwanza. Nami hapa nilipanda basi na noti mkononi, dereva akanipa kikaratasi, nikakitia mkobani. Nikifika stesheni ya treni nanunua tiketi nyingine. Kwenda na kurudi, siku tano kwa wiki, nauli nne kwa siku badala ya mbili. Aliyenizindua ni mama mmoja wa Kisomali tuliyekuwa tukihudumia wazee naye kwenye nyumba ya malezi. Aliziona tiketi zangu za karatasi mezani, akaniuliza, "Kadi yako iko wapi?"

Sikuwa nayo. Jioni hiyo tulipotoka zamu alinipeleka mwenyewe hadi kwenye mashine ya stesheni, akasimama pembeni mpaka nikainunua.

Tangu hapo kila familia mpya inayohamia jengo letu, nyingi zikitokea kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, nakaa nayo mezani wiki ya kwanza na kuielekeza. Mkate wa siku mbili unaweza kuishia kwenye nauli ambayo hukutakiwa kuilipa. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayowaeleza.

Kadi kabla ya simu

Wengi huanza na simu. Wamepakua programu tatu za safari kabla hawajajua hata jina la kadi. Mimi nawarudisha nyuma. Programu inakuonyesha njia, lakini kinachokumbuka kwamba umeshalipa ni kadi.

Kadi inaitwa ORCA. Ilianza mwaka 2009, na mtambo wake ukabadilishwa mwaka 2022. Ukanda huu hauna shirika moja la usafiri. Mabasi ya Seattle, Tukwila, Kent, Renton na Bellevue mengi ni ya King County Metro. Treni za Link, treni za Sounder na mabasi ya ST Express ni ya Sound Transit. Ukienda Tacoma unakuta Pierce Transit, ukienda kaskazini unakuta Community Transit na Everett Transit, na ng'ambo ya maji kuna Kitsap Transit. Kila moja lina rangi zake na nauli zake. Mgeni haioni mipaka hiyo, anaona basi tu limesimama. ORCA ndiyo inayoyafanya mashirika yote hayo yakutambue kama abiria mmoja aliye safarini.

Kadi ya mtu mzima inauzwa dola 3. Hiyo ni bei ya kadi tupu, salio unaliweka juu yake. Inapatikana kwenye mashine za stesheni za Link na kwenye tovuti ya myORCA. Siku hiyohiyo isajili kwa jina lako. Kadi iliyosajiliwa ikipotea unaifunga, na salio linahamishiwa kadi mpya. Isiyosajiliwa ikipotea imekwenda na pesa zake.

Lakini usiinunue ya mtu mzima kabla hujajua kama unastahili nyingine. Hapa naomba usome polepole, maana ndipo pesa nyingi za watu wetu zinapopotelea.

Watoto na vijana mpaka miaka 18 hawalipi chochote kwenye mabasi na treni hizi tangu Septemba 2022. Mzazi mwenye watoto wanne anayewalipia wote kwa noti anafanya jambo ambalo halitakiwi kabisa.

Mtu mzima ambaye kipato cha kaya yake hakizidi mara mbili ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu anapewa ORCA LIFT. Kadi yenyewe ni bure, nauli ni dola 1 kwa Metro na kwa Sound Transit, na inadumu miaka miwili kabla ya kuomba upya. Kama una Apple Health, bima ya afya ya jimbo, au msaada wa chakula wa serikali, peleka barua yake na kitambulisho, karibu kila mara inatosha. Kipato chako kikiwa cha chini zaidi, na unapokea mojawapo ya misaada fulani ya jimbo, ukiwemo ule wa fedha kwa wakimbizi, Refugee Cash Assistance, au SSI, ule wa serikali kuu kwa wazee na wenye ulemavu wasio na kipato cha kutosha, uliza kuhusu pasi ya mwaka mzima isiyo na malipo. Nimekutana na watu waliokuwa wakipokea msaada huo huku wakilipa nauli kila siku, kwa sababu tu hawakuuliza. Omba pasi hiyo kwa jina: Subsidized Annual Pass. Wazee wa miaka 65 na zaidi, na watu wenye ulemavu, wana kadi yao ya punguzo, nayo nauli yake ni dola 1.

Saa inavyohesabiwa

Sheria yenyewe ni fupi. Ukigusisha kadi mara ya kwanza, unafunguliwa muda wa saa mbili. Ndani ya saa hizo mbili, nauli uliyolipa inahesabiwa kwenye gari linalofuata, hata kama ni la shirika jingine. Gari la pili likiwa na nauli sawa, hulipi kitu. Likiwa ghali zaidi, unakatwa ile tofauti tu. Likiwa rahisi zaidi, hukatwi, na chenji hairudi.

Chukua namba halisi. Metro ni dola 3 tangu Septemba 2025. Link ni dola 3 popote uendako tangu Agosti 2024, zamani ilikuwa kwa umbali. ST Express nayo ni dola 3. Kwa hiyo basi la Metro, halafu Link, halafu basi la Metro tena, yote ndani ya saa mbili, ni dola 3 jumla. Pierce Transit ni dola 2: ndugu yako wa Tacoma akianza na basi la mtaani mpaka Tacoma Dome halafu akapanda ST Express kuja Seattle, anakatwa 2 kwanza, kisha 1. Akirudi kwa njia hiyohiyo anakatwa 3 kwenye ST Express, na basi la mtaani halimkati kitu. Community Transit ni dola 2.50, hesabu inakwenda vivyo hivyo. Sounder ndiyo inayolipwa kwa umbali, kuanzia dola 3.25 mpaka 5.75 kwa mtu mzima, na basi uliloanza nalo linapunguza bei ya treni.

Yafuatayo ndiyo yanayowakosesha watu.

Lazima ugusishe kadi kila unapopanda, hata kama unajua huna cha kulipa. Ni kosa la kawaida sana: mtu ameshagusisha kwenye basi, anafika stesheni ya Link, anasema nimeshalipa, anapita moja kwa moja. Stesheni hazina mageti ya kukuzuia. Lakini ndani ya treni wanapita watu wa kukagua, na kifaa chao kinaangalia kama kadi iliguswa kwa ajili ya treni hiyo. Mashine ya jukwaani ndiyo inayoipa kadi ruhusa, hata kama inakata sifuri. Kwenye Metro pia ukaguzi ulirudi mwaka 2025.

Nauli ya kuunganisha inafuata kadi, haimfuati mtu. Ukigusisha kadi ya plastiki asubuhi kisha ukatumia kadi iliyo ndani ya simu kwenye treni, mtambo unaona abiria wawili tofauti, na kila mmoja analipa. Mke na mume hawawezi kugusisha kadi moja. Kila mtu awe na yake.

Kikaratasi anachokupa dereva wa Metro ukilipa taslimu kinafaa kwenye mabasi ya Metro tu. Treni ya Link haikitambui, wala basi la Tacoma. Tiketi ya karatasi ya treni nayo haikupandishi basi la Metro. Ndivyo mimi nilivyolipa mara mbili mwezi mzima.

Saa mbili zinaangaliwa unapopanda, si unaposhuka. Ukigusisha dakika ya 118 na safari ikachukua saa nzima, hudaiwi. Tena mtambo haujali unaelekea wapi. Ukienda dukani ukarudi ndani ya muda, kurudi ni bure. Kwetu hata ukisahau mkoba nyumbani ukarudi kuuchukua, daladala ya kurudi unailipia. Hapa muda ni wako, utumie utakavyo.

Mwisho, Sounder peke yake inataka ugusishe wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Usipogusisha ukishuka, unakatwa kama umefika mwisho wa reli. Link haitaki tena kugusisha ukishuka. Mabasi hayataki kamwe.

Vivuko vikubwa vya jimbo, Washington State Ferries, vinapokea salio la ORCA lakini havihesabu nauli ya kuunganisha. Ukienda Bainbridge kwa miguu, panga kulipa upya pale gatini Seattle. Kurudi abiria wa miguu halipi.

Kuhusu pasi ya mwezi: pasi ya nauli ya dola 3 ni dola 108, yaani bei ya safari 36. Kama unakwenda kazini na kurudi siku 18 kwa mwezi umeshaifikia, kila kinachozidi ni faida. Mwenye LIFT analipa 36. Ukiwa na kazi ya siku tatu kwa wiki usiinunue, kaa na salio.

Programu gani kwa kazi gani

Ratiba unazoziona kwenye programu zote zinatoka mahali pamoja. Mashirika ya usafiri huandika vituo na nyakati zao katika faili za mtindo mmoja na kuziachia zisomwe na yeyote. Mtindo huo ulianzia hapo jirani, Portland, mwaka 2005, shirika la TriMet na Google walipouunda pamoja. Ndiyo maana sioni haja ya kugombania programu ipi ina ratiba sahihi. Tofauti yao ni namna zinavyokuonyesha basi lilipo sasa hivi.

Google Maps naitumia usiku wa kabla ya safari. Inasoma anwani vizuri, na unaweza kuiweka kwa Kiswahili. Ukiweka unakokwenda na kuchagua alama ya basi, usikubali njia ya kwanza inayokuja. Fungua sehemu ya muda, chagua kufika kwa saa fulani badala ya kuondoka sasa. Weka na tarehe, kwa sababu ratiba ya Jumapili na ya sikukuu si ya Jumatatu. Kisha fungua machaguo ya njia. Kuna kupunguza kutembea, kuna kupunguza kuunganisha, kuna njia ya kiti cha magurudumu, ambayo ninamchagulia hata mama mwenye gari la mtoto. Bei ikionyeshwa usiichukue kama neno la mwisho. Ramani haijui una kadi gani.

Transit, iliyotengenezwa Montreal, ndiyo ninayoifungua nikiwa njiani. Ukiifungua tu inakuonyesha mabasi yaliyo karibu nawe na dakika zilizobaki, bila kuandika chochote. Kwa mtu ambaye kusoma Kiingereza bado ni kazi, hiyo inafaa sana: anaangalia herufi ya basi na namba ya dakika, basi.

OneBusAway ilianza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington hapa Seattle, nayo ni ya kituo kimoja kimoja. Unachagua kituo chako, unakiweka kwenye vipendwa, kila asubuhi unakiangalia. Ila jifunze rangi zake. Kwenye OneBusAway kijani ni basi lililo kwenye muda, bluu limechelewa, na nyekundu limewahi. Kwenye Google Maps nyekundu ni kuchelewa. Mtu aliyezoea Google akiona nyekundu kwenye OneBusAway anakaa kumalizia chai yake, kumbe basi ndiyo linapita. Dakika zisizo na rangi yoyote kati ya hizo zinatoka kwenye ratiba tu, basi lenyewe halijaonekana. Asubuhi moja ya Januari nilisimama kwenye mvua nikisubiri basi ambalo programu moja iliniambia lipo dakika nne nyuma. Namba ikashuka tatu, mbili, moja, ikafutika, na hakuna kilichopita. Ilikuwa ratiba. Sasa sivui koti la mvua kwa sababu ya namba isiyo na rangi.

Usiye na bando, au mzazi wako mwenye simu ya vitufe, msisahaulike. Kila kituo cha Metro kina namba yake kwenye kibao. Tuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 62550, unajibiwa mabasi yanayokuja na dakika zake. Nimemfundisha mzee wa miaka sabini na kitu kutoka Uvira, naye hatumii kingine.

Kuna jambo ambalo halimo kwenye maelekezo yoyote ya programu, nalo limeniumiza zaidi ya mengine. Ni saa. Mama mmoja aliyetoka Nyarugusu alipewa miadi ya kliniki, mkalimani akamwambia kwa simu, saa nne asubuhi. Binti yake wa miaka kumi na tatu, mwenye akili na haraka ya simu, akaingiza 4:00. Simu ikachukua alasiri. Wakafika mlangoni baada ya saa kumi jioni yetu, siku imeisha, miadi imefutwa, na iliyofuata ilikuwa baada ya wiki nyingi. Siku hizi kabla sijagusa simu ya mtu naandika kwenye karatasi safu mbili: saa yetu, saa ya simu. Saa 2 asubuhi ni 8:00 AM. Saa 4 asubuhi ni 10:00 AM. Saa 8 mchana ni 2:00 PM. Saa 1 jioni ni 7:00 PM. Karatasi inabandikwa mlangoni, juu ya swichi ya taa. Na unapompangia mtu safari mtumie picha ya kioo cha simu chenye saa hizo, usimtajie kwa mdomo tu.

Safari moja, mwanzo mpaka mwisho

Nitumie safari ninayoijua kwa miguu yangu: kutoka nyumba zilizo kando ya International Boulevard mpaka hospitali ya Harborview, mjini Seattle, juu ya First Hill. Wengi wetu tunaipita.

Miadi ni saa 3:30 asubuhi, yaani 9:30. Google Maps naipa 9:15 AM ya kufika, yaani saa 3:15 yetu. Inaniletea basi jekundu la RapidRide A mpaka Tukwila International Boulevard Station, halafu Link kuelekea kaskazini, kushuka Pioneer Square. Kisha inasema: tembea. Kwenye ramani ni mwendo mfupi. Ramani haioneshi pumzi. Kutoka Pioneer Square kwenda Harborview ni mlima mkali, na anayekwenda huko mara nyingi ni mgonjwa, au mjamzito, au amembeba mtoto. Hapo ndipo ninapochagua kupunguza kutembea, na basi namba 3 au 4 linatokea. Unatoka chini ya ardhi, unapanda basi hilo 3rd Avenue, linakupandisha mpaka hospitali. Ndani ya saa zako mbili halikugharimu hata senti. Mgeni akiambiwa "gari la tatu" anaona nauli ya tatu, anaamua kupanda mlima. Usiupande, umeshalilipia basi hilo.

Sasa saa, zote za kwetu. Ninagusisha kadi kwenye basi A saa 2:10. Nauli ya mtu mzima, dola 3. Ninaandika kichwani: mwisho saa 4:10. Vituo vingine vya RapidRide vina mashine kwenye nguzo nje, unagusisha kabla basi halijafika na kuingia mlango wowote. Pasipo na mashine unagusisha ndani. Link naigusisha karibu saa 2:25, inakata sifuri, safari inachukua karibu nusu saa. Basi la 3 nalipata karibu saa 3:00, sifuri tena. Saa 3:15 niko mlangoni.

Kama ni kupimwa damu tu, naweza kutoka saa 3:50. Basi la kushuka mlima saa 3:55, sifuri. Link kabla ya saa 4:10, sifuri, na hata treni ikifika Tukwila saa 4:40 haijalishi, niligusisha ndani ya muda. Hapo kituoni, nikipanda A kwenda nyumbani, saa zangu zimekwisha, nakatwa dola 3 mpya. Huwa sizisikitikii, kwa sababu zimenifungulia saa mbili nyingine: napitia sokoni kununua unga na maharage, narudi nyumbani na basi la bure. Kama ni kumwona daktari bingwa, sihangaiki na dakika kabisa. Najua kurudi ni nauli nyingine, na afya haikimbizwi na kadi.

Katika kupanga namna hii, angalia gari lipi katika mnyororo wako ni la nadra. A na Link zinapita mara kwa mara, ukikosa moja nyingine inakuja. Basi la mtaani linalopita kila nusu saa au kila saa ndilo bwana wa safari. Wakati wa kwenda, kama basi hilo ndilo la kwanza, panga kutoka nyumbani kwa ajili yake, yanayofuata yatajipanga. Wakati wa kurudi, kama ndilo la mwisho, rudi nyuma kutoka saa yake: linaondoka saa 11:20 jioni, yaani 5:20 PM ya simu, treni inafika lini kabla yake, nitoke kazini lini. Acha angalau dakika kumi za kuunganisha. Programu hupenda kukupa dakika tatu, kana kwamba ngazi za umeme hazijawahi kuharibika.

Wa zamu za usiku

Kwenye Google Maps, pale pa kuchagua muda, kuna chaguo la safari ya mwisho ya siku. Liangalie kabla hujaikubali zamu, si baada yake. Link hupumzika usiku, lakini A inatembea karibu usiku kucha. Tangu Desemba 2025 Link inakwenda kusini mpaka Federal Way, kwa hiyo anayeishi huko ana njia mbili za kurudi, treni ikilala anabaki na basi. Ratiba za Metro hubadilika karibu mara mbili kwa mwaka, machipuko na vuli. Wiki ile ya mabadiliko usiamini mazoea yako, fungua programu hata kwa njia uliyoipita mwaka mzima.

Nyumbani jioni

Ukimaliza wiki yako ya kwanza, ingia myORCA ufungue orodha ya matumizi ya kadi. Kila mguso umeandikwa: saa, basi au treni, kiasi kilichokatwa. Tafuta miguso ya kuunganisha. Inatakiwa isome $0.00, au ile tofauti ndogo kama ulitoka Pierce Transit kwenda Link. Ukikuta umekatwa nauli nzima mara mbili ndani ya saa mbili, linganisha kwanza kama uligusisha kadi ileile, kisha piga ORCA, 888-988-6722, ukiwa na namba ya kadi na saa za miguso yote miwili mbele yako. Omba mkalimani ukipokewa, sema "Swahili", ungoje.